Wazee Mbele, Watoto Watafuata

Mazungumzo na wazazi na walimu siku ya kuchangia damu, shule ya jamii, Kisauni, Mombasa

Assalam aleikum, na nyote wengine hamjambo. Wako humu waliokwisha kunisikia nikilisema neno hili Likoni, Changamwe na Majengo. Watanisamehe. Nalisema tena kwa sababu hali ni ile ile.

Asubuhi hii nimesimama pale langoni nikitazama. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamejipanga foleni mpaka chini ya mwembe. Wazazi wao wako kivulini na simu zao. Nikamuuliza baba mmoja, "Na wewe je?" Akanijibu, "Mimi nimemleta mtoto tu." Umemleta mtoto! Kwani huu ni mtihani wa taifa, mzazi haruhusiwi kuingia?

Kwa miaka mingi damu ya hiari nchini mwetu imetoka zaidi kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, Aprili, Agosti, Desemba, rafu za friji zinabaki wazi. Lakini kuzaa hakuna likizo. Ajali za barabara ya Malindi hazina likizo. Mtoto aliyekaushwa damu na malaria hangoji muhula ufunguliwe.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya wazazi miaka 27. Usiku mmoja, mwanzoni mwa Desemba, tulikuwa na mama kijana, uzazi wa pili. Mtoto katoka salama, analia. Kondo la nyuma limetoka zima. Damu haikatiki. Tumemkanda tumbo, tumempa dawa ya kukaza mji wa uzazi, leso ya kwanza imelowa, ya pili imelowa, ya tatu nayo. Nimemshika mkono, wa baridi, kucha nyeupe, na yeye ananiuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mtoto ni mume au mke?"

Mifuko ya damu ya kundi lake ilikuwa miwili. Huutundiki mfuko kabla ya kuusoma: nambari, kundi, siku iliyotolewa, siku ya mwisho ya kutumika. Nikasoma. Zimebaki siku mbili. Damu katika mfuko kama ule hukaa siku 35, basi, baada ya hapo hutupwa. Nikahesabu kurudi nyuma nikafika wiki ile gari la damu lilipokuwa likizunguka mashuleni, kabla hazijafungwa. Mfuko hauandikwi jina, kwa hivyo sikumjua aliyeutoa wala sitamjua. Nikautundika.

Kisha nikatoka nje kuwaona jamaa zake. Wanaume saba, wamekaa kwenye benchi. Nikawaambia, ndugu yenu anavuja damu, tunataka damu ya kurudisha badala ya hii tuliyomtundikia. Mmoja hajala. Mmoja anaogopa sindano. Mmoja akasema ngoja kwanza ampigie mzee simu Kilifi. Saa saba za usiku! Mume peke yake alisimama akakunja mkono wa shati bila neno.

Na sikilizeni hapa, kwa maana hapa ndipo tunapokosea. Damu ya yule mume haikuweza kumfaa mkewe usiku ule. Damu haitoki mkono huu ikaingia mkono ule. Lazima ipimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, na kupima huchukua muda. Mwenye kuvuja hana muda huo. Yule mama aliokolewa na damu iliyotolewa karibu wiki tano kabla ya yeye kuihitaji. Mifuko miwili ikatosha, Alhamdulillahi. Ungetakiwa wa tatu, ningekuwa na habari nyingine ya kuwasimulia leo.

Sasa najua mtaniambia nini. "Nitadhoofika." Jirani yangu mmoja aliniambia hivyo hivyo. Alhamisi nikakutana naye anatoka kuumikwa, mgongo mzima alama za chuku, na pesa amelipa. Siipingi hijama, ni sunna. Lakini damu ile humwagwa, na hukusema utadhoofika. Hapa tunachukua mililita 450, na mtu mzima ana kama lita tano mwilini. Maji yake hurudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mwanamume hurudi baada ya miezi mitatu na mwanamke baada ya minne.

"Damu inauzwa." Damu haina bei. Ukidaiwa pesa ya damu, lalamika, piga kelele, nami nitafuatana nawe mpaka ofisini kwao. Lakini usimlipizie mgonjwa aliyelala kitandani. Yeye hajakuuzia kitu.

"Ramadhani je?" Fungua, futuru, kunywa maji ya kutosha, njoo usiku, au toa Shaabani. Hilo tulizungumze na maimamu wetu, maana mwezi ule nao friji hupungua.

Nilitaka kuwaeleza habari za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu kupinda kama mundu, ambao hapa Pwani ni wengi, na habari za chembe sahani, zile zinazoigandisha damu, ambazo hukaa siku tano tu. Mwalimu mkuu ananionyesha saa. Basi haya machache: uwe na miaka 16 mpaka 65, kilo 50 kwenda juu, umekula, huna homa. Mama mjamzito na anayenyonyesha, nyinyi kaeni, zamu yenu itafika. Kidole kitachomwa kwanza kupimwa wingi wa damu. Ukiambiwa ni kidogo, usione haya, nenda katibiwe, urudi.

Vitanda viko vinne, darasa la mwisho mkono wa kushoto. Mahamri na chai viko barazani kwa ambaye hajafungua kinywa. Gari linaondoka saa tisa, na sasa ni saa tano na robo. Watoto wangu, rudini kivulini kidogo muwapishe wazazi wenu. Na wewe baba wa pale langoni, nipe simu yako nikushikie.