Sabudana Haina Kosa, Kosa ni Maji

Ngano, mchele, dengu na vitunguu, tunavyoviacha kwenye mfungo wa Navaratri, siku 9 za Wahindu za kumwabudu mungu wa kike Durga, sivirudii, mnavijua. Kitunguu saumu nacho, pamoja na jina lake, hakimo kwenye saumu hii. Leo ni sabudana, maana kila Navaratri malalamiko ni yale yale: imekuwa gundi, watoto wameikataa.

Sabudana ni wanga wa muhogo, huu huu wa kwetu, unaofanywa punje viwandani huko Salem, Tamil Nadu. Wanga ukipata maji mengi na moto, unakuwa uji. Mlitegemea nini?

Chukua kikombe 1. Osha mara 3 au 4 mpaka maji yatoke maangavu. Ule ungaunga unaomwagika ndio gundi yenyewe. Kisha tia maji robo tatu ya kikombe, funika kwa muda wa saa 5. Bonyeza punje kwa vidole viwili: ikipondeka yote, tayari. Ukihisi kiini kigumu, nyunyiza vijiko 2 vya maji, subiri nusu saa. Maji yakibaki chini, chuja, tandaza kwenye kitambaa.

Karanga nusu kikombe, zikaangwe bila mafuta, zitwangwe zibaki chengachenga, na zichanganywe na sabudana kabla ya moto. Zinanyonya unyevu, tena ndizo protini. Sabudana ni wanga mtupu. Anayeziona pambo, njaa itamfunza saa 9 mchana. Samli vijiko 2, bizari nyembamba, pilipili mbichi, kiazi kilichochemshwa, chumvi ya mawe. Sabudana iingie mwisho, dakika 3 hadi 5, bila kufunika. Weupe ukitoweka, punje zikang'aa kama kioo, epua. Epua! Ndimu baadaye.

Najua kuna anayejiuliza: mchele mwiko, viazi ruhusa, kwa nini? Viazi vinachimbwa, havivunwi masukeni. Kinachoachwa ni nafaka na kunde. Na karanga je? Wataalamu wa mimea wanasema ni kunde, jiko la Gujarat, magharibi mwa India, linasema ni chakula cha mfungo, na jiko limeshinda. Desturi hazifanani: siku hizo hizo Kolkata, mashariki mwa India, wako kwenye Durga Puja, sikukuu ya Durga huyo huyo, wanakula samaki na nyama ya mbuzi. Muulize bibi yako. Ila ruhusa ya viazi si ruhusa ya krispi tangu asubuhi hadi garba, ngoma ya usiku.

Haraka sasa. Unga wa kuttu, mbegu zinazosagwa badala ya ngano wakati wa mfungo, una mafuta, unachacha. Uliobaki Navaratri ya Machi na Aprili usiukande ile ya Septemba na Oktoba. Kaskazini mwa India watu wamelazwa hospitali kwa unga wa namna hiyo. Nunua kidogo, nusa, onja. Ukiwa mchungu, tupa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge amwone daktari kabla ya siku ya kwanza, na sabudana aionje tu, inapandisha sukari upesi. Chumvi ya mawe mara nyingi haina madini joto, basi mfungo ukiisha rudini kwenye ya kawaida.

Moraiyo, punje ndogo zinazopikwa badala ya wali, naiacha, naona mwenyekiti anatazama saa. Niulizeni kwenye chai. Ya maziwa, inaruhusiwa.