Plastiki Inayopitisha Umeme: Kupokezana kwa Bondi Hakutoshi

Walimu wenzangu, wanafunzi na wazee wetu mliofika hapa Mtwara,

Naomba nianze na kosa ninalolikemea kila nipewapo jukwaa. Wanafunzi wetu hukaririshwa kwamba plastiki haipitishi umeme, na somo likaishia hapo; wale wachache wanaosonga mbele huambiwa kwamba molekuli ikiwa na bondi maradufu nyingi, yaani viungo vya atomi vyenye jozi mbili za elektroni badala ya moja, elektroni hutembea zitakavyo. Kauli zote mbili zinapotosha, na ushahidi dhidi ya hiyo ya pili umelundikana nje ya viwanda vyetu vya kubangua korosho.

Mafuta ya ganda la korosho, yale yanayobabua mikono ya akina mama wabanguaji, yakipashwa moto hutoa kadanoli. Molekuli yake ni pete ya kaboni sita iliyobeba mkia wa kaboni 15, na katika baadhi ya molekuli mkia huo una bondi maradufu tatu. Zihesabuni pamoja nami: ya kwanza huanzia kaboni ya 8, ya pili ya 11, ya tatu ya 14. Kati ya moja na inayofuata imekaa kaboni yenye haidrojeni mbili, ambayo elektroni zake zote zimekwisha kushikwa, kwa hiyo haina ya kuchangia na majirani. Njia ya elektroni hukatikia hapo. Bondi maradufu zipo, lakini hazipokezani kwa zamu na bondi za kawaida zenye jozi moja ya elektroni.

Katika poliasetilini, plastiki inayotengenezwa kwa asetilini, gesi ile ya mafundi wa kuchomelea, zamu hiyo hufuatwa kaboni kwa kaboni katika mnyororo mzima. Mtasema: basi umeme utapita. Haupiti, au hupita kwa shida mno, na hili ndilo linalorukwa darasani mwaka hata mwaka! Bondi za mnyororo huo hazilingani urefu; moja ni fupi, inayofuata ndefu, na kwa sababu hiyo hubaki pengo la nishati la takriban elektronivolti 1.5 (kipimo cha nishati ya elektroni), ambalo elektroni haziwezi kulivuka kwa urahisi. Ngazi za nishati za chini zimejaa elektroni, za juu ni tupu. Fikirini safu ya waumini wanaoswali, iliyojaa: hakuna asogeaye. Mmoja akitoka, jirani husogea kuziba nafasi, na wa pili yake naye husogea, hata nafasi yenyewe ikasafiri safu nzima.

Mwaka 1977 wanasayansi Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba kinachomtoa huyo mmoja ni mvuke wa iodini, elementi ile ile tunayoitia katika chumvi kama madini joto. Iodini huichukua elektroni, mnyororo ukabaki na chaji chanya inayosafiri, na utando wa poliasetilini ukapitisha umeme zaidi ya mara milioni kuliko awali. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwalimu anayefundisha kupokezana kwa bondi na kuiacha iodini amefundisha nusu ya jambo, tena nusu isiyowasha taa.

Atakuwapo wa kuuliza kwa nini basi nyaya za nyumba zetu bado ni za shaba. Ni kwa sababu poliasetilini huharibiwa na oksijeni ya hewa, ikapoteza uwezo wake. Ndiyo maana wanakemia walihamia polima, yaani molekuli za minyororo mirefu, zinazostahimili zaidi, kama polianilini, ambayo haihitaji iodini. Umbo lake la buluu lisilopitisha umeme likitiwa asidi hugeuka kijani na kuanza kupitisha, na likitiwa besi hurudi buluu. Hapo elektroni haiondolewi kabisa, bali protoni huongezwa, jambo linalostahili mhadhara wake peke yake.

Polima zinazotoa mwanga, zilizotangazwa kutoka Cambridge mwaka 1990, naziacha kwa kuwa muda umekwisha. Mwenye swali kuhusu pengo la nishati na aanze yeye.