Kabla ya Pauni 25,000

Shikamooni wazee wangu na walimu. Wanafunzi, hamjambo? Naona chupa za maji mlizoombwa zimeshapangwa mezani. Ahsanteni, tutazirudia.

Aliyekulia chini ya Mlima Meru hahitaji kuelezwa floraidi, yale madini yaliyomo kwenye maji ya huku, ni nini. Mtoto akicheka unayaona meno ya mbele yana mabaka ya kahawia, na mswaki hauyatoi. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya huku vinapita hapo. Mama akichemsha maji anaua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke. Inabaki sufuriani, tena imekolea zaidi.

Dk. Askwar Hilonga, mtoto wa Gongali kule Karatu, alikwenda Korea Kusini kusomea nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno, akarudi Arusha kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela. Alichukua chujio la mchanga, lile linalonasa tope na vijidudu, akaliongezea chembe ndogo mno zinazonasa floraidi na metali nzito. Linalonifurahisha zaidi ni hili: kwanza anapima maji ya mahali, ndipo anaandaa chujio la maji hayohayo. Fundi cherehani hashiki mkasi kabla ya kuchukua vipimo.

Mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering, taasisi ya hisani ya Uingereza. Alipewa pauni 25,000, na habari zote zikawa za pauni. Mimi nataka tuzungumzie miezi iliyotangulia. Kabla ya fainali, wabunifu waliochaguliwa hupewa walezi wa kuwafundisha kupanga bei, kulinda ubunifu wao kisheria, kumtafuta mteja na kuzungumza na mwenye mtaji. Hata asiyeshinda anaondoka na ujuzi huo. Wamepita humo Brian Gitta wa Uganda, mshindi wa 2018, na kipimo chake cha malaria kisichotoa damu, na Norah Magero wa Kenya, mshindi wa 2022, na jokofu lake la chanjo linalotumia sola.

Niliwahi kumfundisha kijana aliyetengeneza kikaushio cha mboga. Alipigiwa makofi, akapewa cheti na bahasha, mfadhili akaondoka siku ileile. Kifaa kiko stoo, kioo kimepasuka. Inaniuma mpaka leo. Akili alikuwa nayo. Alikosa mtu wa kumwambia mbao za vikaushio 50 zinapatikana wapi kwa bei ya jumla, na mama wa sokoni yuko tayari kulipa shilingi ngapi.

Wafadhili mlioko hapa, vifaa vya maabara tunavihitaji, na karo pia. Lakini nawaomba mkae na hawa vijana mwaka mzima. Mpokee simu zao.

Haya, tupime floraidi. Matone machache ya dawa, rangi inabadilika, tunalinganisha na kadi. Naomba chupa ya kwanza, hiyo iliyoandikwa Ngarenanyuki.