Upele wa mkojo kwa mtu mzima: osha bila kusugua

Karibuni. Leo tunagusa jambo ambalo majumbani husemwa kwa kunong'ona: mtu mzima asiyeweza kuzuia haja ndogo au kubwa, na upele unaomtoka kwenye makalio, kinena na mapaja. Anaweza kuwa bibi aliyepata kiharusi, baba mwenye tezi dume, kijana aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, au dada aliyepata fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, baada ya uzazi mgumu. Na anaweza kuwa ni wewe unayetazama, unajibadilisha mwenyewe na hujamwambia mtu yeyote.

Kabla hatujaendelea, wewe dada mwenye fistula: upele utautunza kwa hatua hizihizi, lakini tatizo lenyewe hutibiwa kwa upasuaji. Pale Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imekuwa ikiwatibu wanawake wenye fistula bila malipo kwa miaka mingi. Usikae nalo ukidhani ndiyo fungu lako.

Nitaonyesha kwa mkono wangu na kwa huu mto niliouvalisha khanga. Mama yangu, ambaye kwake ndiko nilikojifunzia, hataonekana humu. Mwili wa mzee si wa kuonyeshwa.

Nianze na kosa langu. Mama alipoanza kuvuja mkojo baada ya kiharusi, nilimwosha kila mara kwa sabuni ya mche, nikatia na dawa ya kuua vijidudu kwenye beseni, nikasugua hadi nikaridhika. Wiki ya pili ngozi ikachubuka. Nikadhani uchafu umebaki, nikaongeza kusugua. Kumbe mkojo ulikuwa unaumiza kidogo, na mimi nikimalizia.

Iko hivi. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, na uchachu huo ndio ukuta wake. Mkojo ukikaa juu yake, bakteria huugeuza ukatoa amonia, ile harufu kali mnayoijua, na uchachu unatoweka. Hapo vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, vilevile vinavyosaga chakula tumboni, hupata nguvu ya kuisaga ngozi. Kinyesi cha majimaji ndicho kibaya kuliko vyote. Sasa sabuni ya mche nayo huondoa uchachu huohuo. Umeona nilivyokuwa nikifanya?

Vitu vya kuandaa ni hivi: beseni, jagi la maji ya uvuguvugu, glavu, taulo laini, vipande vya khanga kuukuu, krimu ya zinki au mafuta ya mgando yasiyo na manukato, pampasi safi, na mfuko wa taka. Nimesema khanga kuukuu kwa sababu. Mpya ina wanga wa dukani, inakwaruza na hainyonyi maji.

Hatua ya kwanza, omba ruhusa. "Mama, nikusafishe sasa?" Hata kama hawezi kujibu, mwulize. Funga mlango, mfunike khanga, fungua sehemu unayoosha tu. Kama wewe ni mkwe, au ni mtoto wa kiume unayemhudumia mama, kaeni kama familia mtafute mtu anayefaa kwa kazi hii. Asipopatikana, fanya wewe kwa heshima, usimwache ameloa kwa ajili ya aibu.

Hatua ya pili, ondoa kinyesi kwanza. Usimwage maji bado. Tumia upande safi wa hiyo pampasi anayovuliwa, kusanya taratibu ukielekea nyuma, kunja, weka kwenye mfuko.

Ya tatu ndiyo kiini cha video hii, kwa hiyo nasogeza kamera. Chovya kitambaa, kamua nusu, kiweke juu ya ngozi, kibonyeze, kiinue. Angalia mkono wangu nikisugua: ngozi inavutika na kukunjana, unaona? Hiyo ndiyo hatutaki. Sasa angalia nikibonyeza: ngozi imetulia. Chovya tena, au miminia maji polepole kwa jagi. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume, inua korodani usafishe chini yake, na kama hajatahiriwa vuta govi polepole, osha, kisha ulirudishe mahali pake. Usisahau kulirudisha, likibaki nyuma linavimba. Fungua kila mkunjo.

Kinyesi kimeganda? Paka mafuta ya mgando juu yake, subiri kidogo, kitalegea chenyewe. Sabuni ukiihitaji, iwe ile ya maji isiyo na manukato, ya ngozi laini, na kidogo tu. Sabuni ya mche, spiriti, magadi na dawa ya kuua vijidudu vibaki kwenye kazi zake. Poda pia hapana: ikiloa inakuwa uji, kisha vidonge vinavyokwaruza kwenye mikunjo.

Hatua ya nne, kausha kwa kugusagusa na taulo, halafu acha hewa ipite dakika chache. Feni ya mbali inatosha.

Hatua ya tano, kinga. Safu nyembamba ya krimu ya zinki au mafuta ya mgando. Chagua kimoja. Mafuta ya mgando mkiyapaka kwa ukarimu mnaziba pampasi, mkojo haunyonywi, unarudi kwenye ngozi. Zinki nayo hung'ang'ania, na kosa la wengi ni kuikwangua yote kila wanapobadilisha. Futa tabaka la juu lililochafuka, lililobaki liache, ongeza juu yake.

Kisha pampasi. Iwe saizi yake, moja tu. Mbili hazisaidii, zinaongeza joto. Wala usiweke mfuko wa nailoni ndani. Mchana kagua kila saa 2 hivi, na haja kubwa isisubiri hata dakika.

Najua mnachofikiria: pampasi za watu wazima ni ghali. Ndiyo maana utakuta mtu anavaa moja tangu asubuhi hadi jioni, na mimi simlaumu mtu kwa hilo. Sisi nyumbani mchana tunatumia vitambaa vya pamba, vikunjo kadhaa, juu ya mpira wa kitandani uliofunikwa shuka, na Mama analala wazi chini ya khanga ili ngozi ipumue. Pampasi tunaiweka akiba ya usiku na safari za hospitali. Na msimpunguzie maji ya kunywa ili kuokoa pampasi! Mkojo mzito unachoma zaidi. Kama daktari hajamwekea kiwango, anywe kama kawaida.

Upele umeshatoka? Wengi wetu tuna ngozi nyeusi, kwa hiyo usisubiri kuona wekundu. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi ya kawaida, yenye zambarau, inayong'aa, au iliyopauka. Gusa kwa mgongo wa kiganja: kuna joto? Anajikunja kwa maumivu? Hatua ni zilezile, ila ubadilishaji uwe wa karibu zaidi. Ngozi ambayo haijachubuka mara nyingi huanza kutulia ndani ya siku 2 au 3.

Isipotulia, angalia kingo. Ukiona vipele vidogo vimetawanyika pembeni ya upele mkubwa, utando mweupe kwenye mikunjo, na anawashwa sana, huenda ni fangasi. Mwonyeshe mhudumu wa afya. Dawa ya kawaida ni krimu ya clotrimazole ya asilimia 1: safu nyembamba mara 2 kwa siku, iache iingie kwenye ngozi, ndipo upake kinga juu. Kwa kawaida hutumika wiki 2 hadi 4, na usiikatishe siku upele unapotoweka. Fangasi wakirudi kila mara, apimwe kisukari.

Ukienda duka la dawa soma boksi. Utapewa krimu mchanganyiko ya "kila kitu", na ndani yake kuna betamethasone au clobetasol. Hizo ni steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe na muwasho. Siku 2 za kwanza utafurahi, kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi na fangasi wanashamiri. Pasipo daktari kuandika, irudishe.

Kidonda cha mgandamizo, kile cha kulala au kukaa mkao mmoja muda mrefu, ni kitu kingine. Upele wa mkojo husambaa palipoloa, hasa kwenye mikunjo. Cha mgandamizo hukaa juu ya mfupa: kwenye kifupa cha mkia, nyonga, visigino. Doa moja, rangi haiondoki ukibonyeza, na nyama yake ni ngumu au imelegea kuliko pembeni. Mgeuze kila saa 2, na mfikishe zahanati, usikitibu kwa krimu.

Nendeni siku hiyohiyo pia ukiona malengelenge, usaha, ngozi nyeusi iliyokufa, harufu mbaya mpya, homa, au mzee ameanza kuchanganyikiwa ghafla. Na kama hajapata choo siku kadhaa halafu yanavuja majimaji tu, usimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Huenda choo kigumu kimekwama na maji yanapita pembeni yake. Apimwe kwanza.

Mwisho, vitambaa. Suuza kinyesi kwa maji baridi, fua, kisha suuza mara 2 au 3 mpaka maji yasiteleze, kwa sababu sabuni iliyobaki ndiyo ileile inayochoma. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inazuia kunyonya. Anika juani, halafu piga pasi ya moto pande zote mbili. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazokauka nje, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu. Pasi ndiyo inayowamaliza, na pindo la khanga pitisha pasi mara mbili, hapo ndipo unyevu huchelewa kutoka.