Umenunua RAM ya 8, laptopu yasema 7.7: tuisome ramani ya kerneli

Salaam aleikum jamaani, karibuni tena. Niko hapa hapa Mwembe Tayari, ghorofani, na huo mvumo mnaousikia nyuma ni feni ya dari, si laptopu. Kwa joto la leo siwezi kuizima, nivumilieni.

Laptopu hii mezani ni ya mama mmoja. Kamnunulia mwanawe, mtumba, RAM 8 GB. Kijana kaweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kafungua, kaona 7.7. Jana mama kanijia juu: "Fundi, nimeuziwa mbuzi kwenye gunia!" Nikamwambia, mama, tulia, kabla hatujamshika mtu shati tuiulize mashine yenyewe. Nawe fuata hivi hivi kwenye Linux yako.

Hatua ya kwanza. Fungua terminali, andika:

grep MemTotal /proc/meminfo

Hapa nimepata 8036956 kB. GB 8 kamili ni 8388608. Toa, zimepungua 351652, yaani megabaiti 343 na ushei. Andikeni hiyo namba kando, tutairudia.

Hatua ya pili:

sudo dmidecode -t memory

Shuka mpaka palipoandikwa Size. Vipande viwili, 4 GB na 4 GB. Basi muuzaji hana kosa. Ingekuwa tundu moja liko tupu, ningekuwa wa kwanza kumsindikiza mama dukani.

Hatua ya tatu, na hapa ndipo penye uhondo:

sudo dmesg | grep -i e820

dmesg ni daftari la ujumbe wa kerneli tangu ilipowaka. Kama mashine imewaka siku nyingi, mistari ya mwanzo inaweza kuwa imeshafutika. Ikiwa hivyo tumia sudo journalctl -k -b | grep -i e820.

Sasa sikilizeni. Kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vyote, ikiamka haijui ina RAM kiasi gani, wala iko wapi. Mtu atasema, si iandike kitu kila anwani, yaani kila namba ya mahali prosesa inapoweza kuandika au kusoma, halafu isome, ikirudi ni RAM? Hapana. Si kila anwani ni RAM. Nyuma ya milango mingine kuna kadi ya picha, kadi ya mtandao, chipu ya BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Linux. Ukipiga hodi kila mlango, uko ambako unatia amri kwenye kifaa bila kujua, na mashine inaganda hapo hapo. Kwa hiyo kerneli haipimi, inauliza. Na anayeulizwa ni BIOS, kwa sababu yeye ndiye aliyeziamsha hizo RAM umeme ulipoingia.

Namna ya kuuliza kwa BIOS ya kizamani ni wito wa interapti 15h, yaani namba ya kuiomba BIOS huduma, huku rejista ya EAX (kijisanduku cha namba ndani ya prosesa) imebeba namba E820. Jina lote la e820 limetoka hapo, si fumbo. EDX inabeba herufi nne, SMAP, kama neno la siri la mlangoni. BIOS inajibu kipande kimoja kimoja: kinaanzia wapi, kina urefu gani, ni cha aina gani. Na inaacha namba kwenye EBX ya kuulizia kipande kinachofuata. EBX ikirudi sifuri, orodha imekwisha. Kabla ya huo kulikuwa na wito mwingine, 88h, lakini ulikuwa hauwezi kuhesabu kupita megabaiti 64 hivi. Hebu fikiria.

Kwenye UEFI, mrithi wa BIOS, wito ni mwingine, GetMemoryMap. Lakini Linux huigeuza ile orodha iwe ya umbo la e820, ndiyo maana neno hili utalikuta hata kwenye mashine mpya kabisa. Vibao vingi vyenye prosesa za ARM, kama Raspberry Pi, havina habari hizi. Kerneli yao hupewa faili la maelezo ya vifaa, na RAM imetajwa mle.

Ngoja nikuze skrini. Namba hizi ni za msingi wa 16, zinahesabu 0 hadi 9 kisha a hadi f. Mstari wa kwanza: unaanzia sifuri, unaishia 9fbff, mbele yake neno usable. Hicho kinatumika. Ni kilobaiti 639. Mbona si 640? Tazama mstari wa pili, kuanzia 9fc00, reserved, yaani imetengwa: BIOS imejiwekea kilobaiti moja ya shughuli zake. Kuanzia a0000 mpaka fffff ni eneo la skrini na chipu ya BIOS, desturi iliyobaki tangu IBM PC ya 1981. Tunakaa na vyombo vya babu mpaka leo.

Halafu kinaanza kipande kikubwa kwenye 100000, yaani megabaiti 1 kamili, kinapanda, kinakatikakatika. Humo mtaona ACPI data, majedwali ya BIOS ya kuielezea kerneli vifaa na umeme: zile kerneli ikishazisoma inaweza kuzichukua. ACPI NVS, zile BIOS inazojihifadhia, usiziguse kabisa. Na reserved nyingi karibu na gigabaiti 4. Hapo pana anwani za vifaa, na pia sehemu ya RAM ambayo kadi ya picha ya ndani imejimegea.

Mstari wa mwisho ndio unaowachanganya wengi: unaishia 21e5fffff. Piga hesabu, hiyo ni gigabaiti 8 na megabaiti 486 juu yake! Mama akiona hapa atadhani kapewa nyongeza. Hapana, hizo ni anwani tu. Vifaa vimekalia nafasi chini ya gigabaiti 4, basi RAM ambayo ingekaa pale imehamishiwa juu. Kwa hiyo usiangalie mwisho wa ramani; jumlisha urefu wa vipande vya usable.

Na kerneli haimezi ramani nzima nzima. Huipanga upya, na vipande viwili vikigombea anwani moja, chenye namba kubwa ya aina ndicho kinachoshinda. Usable ni namba 1, kwa hiyo hushindwa daima. Afadhali kukosa kipande kuliko kukanyaga cha mtu. Chini kidogo mnaona imeandika e820: update, ukurasa wa kwanza kabisa kautoa kwenye usable kauweka reserved. Hiyo ni kerneli yenyewe, si BIOS.

Turudi kwenye 343 zetu. Kerneli hukata RAM iwe kurasa za baiti 4096, na kila ukurasa una kadi yake ya kumbukumbu ya baiti 64. GB 8 ni kurasa 2097152. Zidisha kwa 64: megabaiti 128. Zimekwenda kwenye uwekaji hesabu tu! Zilizobaki, 215 hivi, ni kadi ya picha, BIOS, na mwili wa kerneli yenyewe.

Hatua ya nne ni mchezo, lakini unafundisha. Washa upya, kwenye GRUB, menyu inayotangulia Linux, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwishoni mwake acha nafasi uandike mem=2G, kisha F10. Ikiwaka, rudia sudo dmesg, safari hii bila ile grep: chini ya ramani ya BIOS pana nyingine, mistari yake inaanza na user. Hiyo ni yako wewe, na kerneli imeitii. Andika free -h, amri ya kuonyesha RAM, jumla haifiki hata 2. Ukiwasha tena bila kuandika kitu, mambo yanarudi kama kawaida.

Mama nilimwonyesha haya yote leo asubuhi, kakaa kwenye kiti hiki hiki. Kanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa hizo za kadi ya picha, huwezi kunirudishia?" Mashine nyingine hukubali, unaingia BIOS unapunguza. Hii ya kwake nimeitafuta menyu nzima, haina.