Ini Jipya, Virusi vya Zamani

Ndugu zangu wa Mwanza, na ninyi wauguzi mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, asanteni. Nimeulizwa kwa maandishi: mgonjwa wa homa ya ini C akipandikizwa ini, amepona?

Hapana. Kilichobadilishwa ni ini. Damu ni ile ile. Virusi vikiwemo kwenye damu siku ya upasuaji, huingia katika ini jipya ndani ya saa chache. Kabla ya dawa za sasa, kati ya wagonjwa 20 na 30 katika kila 100 wa namna hiyo walifikia sirosisi, yaani ini kujaa makovu, katika miaka 5 tu. Asiyepandikizwa, makovu hayo kwa kawaida humchukua miaka 20 au zaidi.

Umri wa aliyetoa ini una uzito mkubwa: ini la mzee hujaa makovu upesi kuliko la kijana. Virusi vingi kabla ya upasuaji, VVU, kisukari na pombe navyo huongeza hatari.

Lakini lipo linalotuhusu sisi wahudumu. Mwili ukilikataa ini, mgonjwa hupewa steroidi, dawa za kutuliza kinga, za dozi kubwa kwa mshipa. Kinga inazimwa, virusi vinazaliana. Na vimeng'enya vya ini, vinavyopimwa kwenye damu, hupanda mwili unapokataa, hupanda vilevile virusi vinaporudi! Kwa hiyo kipande cha ini huchukuliwa kikapimwa kwa hadubini. Kutoa steroidi kwa kukisia ni kumdhuru mtu.

Tangu 2013 tuna sofosbuviri, dawa ya kupambana na virusi hivi. Ikiunganishwa na dawa mwenzake, mara nyingi kwa wiki 12, zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 huponywa virusi, hata waliokwisha kupandikizwa. Nalisema hili kwa furaha kubwa.

Sasa, mgonjwa amepandikizwa India, amerudi Ukerewe, anakohoa, anaonekana ana kifua kikuu. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hushusha sana kiwango cha sofosbuviri mwilini, na cha takrolimasi inayolinda ini lake lisikataliwe pia. Msimwanzishie kabla ya kuongea na daktari wake wa ini. Mwulizeni dawa zote anazomeza, mitishamba ikiwemo, bila kumkaripia, maana akikaripiwa ataficha. Mwulizeni pia kama anaoga au kuvua ziwani: mayai ya kichocho cha tumbo huacha makovu kwenye ini, na dawa yake, prazikwanteli, ipo.