Mtoto Mwenye Filimbi: Kuwalea Waamuzi Chipukizi wa Hoki ya Barafuni

(Mazungumzo na wazazi na vijana wanaozungumza Kiswahili, Brooklyn Park, Minnesota)

Hamjambo wote. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Nimepewa dakika 20 kabla chai haijapoa, na nawajua, chai ikinukia hakuna atakayenisikiliza.

Nianze na lugha, maana ndiyo iliyonitoa jasho. Mpira wa magongo nyumbani tunaujua: nyasi, gongo, mpira mdogo mweupe. Huu wa hapa unachezwa juu ya barafu, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi kigumu, unene inchi 1, upana inchi 3. Nitakiita kisahani. Vile viatu vyenye makali chini nitaviita viatu vya barafu. Zamani nilikuwa nasema "sketi", mpaka mama mmoja kanisani akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole kwa nini mwanawe wa kiume anatakiwa kununuliwa sketi.

Mimi kule Nakuru nilikuwa refa wa kandanda, mechi za shule na za mtaa. Barafu niliyoijua ni ya kwenye soda. Hoteli ya Panari pale Mombasa Road, Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na baadaye vijana wakaunda timu yao, Ice Lions, lakini mimi sikuwahi kuukanyaga. Kuteleza nimejifunzia hapa, nikiwa na miaka 34, nimeshikilia kiti cha plastiki katikati ya watoto wa chekechea. Huu ni msimu wangu wa tisa na filimbi. Miaka minne iliyopita chama cha mtaani kwetu kilinipa kazi ya kuwalea waamuzi wapya, wengi wao watoto wa miaka 13, 14, 15. Hao ndio nimekuja kuwazungumzia, kwa sababu safari hii kuna wetu miongoni mwao.

Mlango wa kuingilia ni rahisi. Unajiandikisha USA Hockey, shirikisho la hoki la Marekani, kila msimu upya. Unasoma masomo kwenye intaneti, unafanya mtihani huku kitabu cha sheria kiko wazi mbele yako, unakwenda semina, darasani kidogo na barafuni kidogo. Unaanza daraja la 1. Ya juu ni la 4. Unanunua helmeti nyeusi yenye kioo cha nusu uso, suruali nyeusi, jezi ya mistari. Watu hapa huwaita waamuzi punda milia, na msidhani ni sifa. Yote hayo hukamilika kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Mtoto akishashonewa nembo kifuani, wakubwa tunakung'uta mikono: tumemaliza.

Hatujamaliza. Semina inamfundisha mtoto sheria. Haimfundishi afanye nini kocha wa miaka 45 anapomwita kwa kidole.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Msimu wangu wa pili wa ulezi nilikuwa na kijana wa miaka 14, mtelezaji hodari kuliko mimi. Jumamosi moja alipangiwa mechi mbili mfululizo za watoto wa chini ya miaka 12. Mwenzake hakutokea. Mpangaji wa mechi akanipigia simu, nami nilikuwa kwenye harusi, nimeshika sahani ya pilau. Nikasema, "Huyo anaweza, mwacheni achezeshe peke yake." Akachezesha. Mtu mmoja hawezi kuangalia mstari wa buluu, ule wa kuotea, na lango kwa wakati mmoja, kwa hiyo goli moja likaingia baada ya mchezaji kuotea, na jukwaa zima likaliona isipokuwa yeye. Mechi ya pili aliimaliza. Jumatatu baba yake akaniletea begi nyumbani, jezi imekunjwa vizuri juu, filimbi ndani ya kiatu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tangu siku hiyo nina jambo moja ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: mtoto haachi kwa sababu hajui sheria, anaacha kwa sababu alikuwa peke yake alipokosea. Kwa hiyo kazi yangu kuanzia Oktoba hadi Machi ni kusimama nyuma ya kioo kinachozunguka uwanja. Basi. Mechi tano za kwanza za kila mwamuzi mpya, mimi au mwenzangu tuko pale, na yule anayechezesha naye ni mtu wa miaka mingi. Kama hatuna mtu, mechi inapewa mwingine. Mpangaji wa mechi hanipendi sana, na simlaumu.

Sasa nisimamapo pale huwa naangalia nini? Si maamuzi. Maamuzi yatakuja. Naangalia mkono na filimbi.

Mkono: timu ikifanya kosa huku wapinzani wao wana kisahani, mwamuzi hapigi filimbi papo hapo. Ananyoosha mkono juu kabisa, anasubiri waliofanya kosa wakiguse na kukimiliki kisahani, ndipo anapiga. Mtoto mwenye wasiwasi huinua mkono hivi, hadi sikioni, kama mtu anayeagiza chai hotelini na anaona haya. Nikiuona mkono huo, najua moyo uko wapi. Na filimbi: inalia kama birika linaloanza kuchemka. Filimbi zenyewe siku hizi nyingi hazina gololi ndani ya kukwama. Ya namna hiyo, Fox 40, alianzisha refa wa mpira wa kikapu wa Canada, Ron Foxcroft, baada ya filimbi yake kugoma katikati ya mechi mwaka 1984. Kwa hiyo filimbi haina kisingizio. Ni pumzi.

Dawa yake ni ya kijinga kabisa. Tunakwenda maegesho ya magari na kupiga filimbi mpaka majirani watoke nje.

Jingine ni kuangusha kisahani kuanzisha mchezo. Hili nalipenda, nitalionyesha. Tazameni. Wachezaji wawili wameinama, magongo chini. Mwamuzi mgongo wima, mkono kiunoni, kisahani kimelala bapa vidoleni. Unakiachia, hukirushi. Kikitua kwa tumbo lake hakirukiruki. Kikitua kwa ukingo kinabiringika kama sarafu iliyodondoka dukani, makocha wote wawili wanapiga kelele, na dakika ya kwanza ya mechi heshima yako imeshakwenda. Hakihitaji barafu hiki. Kinahitaji sakafu ya jikoni na mara 50 kila jioni. Binti mmoja niliyemlea mwaka jana, mama yake alinipigia: "Anko, hicho kidude kitanitia wazimu." Lakini mechi yake ya kwanza kila kisahani alichoangusha kilitua bapa, na nilimwona kabisa mabega yakishuka.

Baada ya mechi simfuati mbio. Namwacha anywe maji. Halafu namuuliza yeye kwanza: "Uliionaje?" Mara nyingi atataja makosa yake mwenyewe, hata yale nisiyoyaona. Mimi naongeza mawili tu, moja zuri na moja la kufanyia kazi. Nikiongeza la tatu najua anasikia sauti tu. Na mazungumzo hayo tunayafanyia ukumbini, watu wanapita, au mlango wa chumba cha waamuzi uko wazi. Kanuni za kulinda watoto hapa zinataka mtu mzima na mtoto wasiwe peke yao pasipoonekana, na nyie wazazi mlezi yeyote akiwaambia hilo ni urasimu, mchukueni mtoto wenu mwende.

Tuje kwenu sasa, wapendwa, kwenye jukwaa.

Kuna kanuni ya USA Hockey wanayoiita ya kutovumilia kabisa. Wazazi wengi wanaiona imebandikwa mlangoni na hawaisomi. Inasema hivi kwa ufupi: mtazamaji akizidisha fujo, matusi ama vitisho, waamuzi wanasimamisha mchezo. Mwamuzi haendi jukwaani. Anamwonyesha kocha ni nani, ili mtu huyo aondolewe. Mchezo hauendelei mpaka ametoka, na muda uliopotea haurudishwi. Ninaisoma na kila mwamuzi mpya polepole, kwa sababu ndani yake kuna zawadi kubwa: mtoto hatakiwi kumjibu mtu mzima. Anatakiwa kupiga filimbi na kuteleza hadi kwenye benchi. Maneno ninayompa ni haya tu: "Kocha, yule mwenye koti jekundu. Tutamsubiri." Tunayarudia mpaka yatoke bila kutetemeka.

Mikoa kadhaa ya Canada imewapa waamuzi walio chini ya miaka 18 kitambaa cha kijani mkononi, ili kila mtu ajue huyu ni mtoto. Mimi nina mashaka kidogo. Mtu anayehitaji kitambaa ndipo ajue kwamba kiumbe wa futi tano mwenye vyuma vya meno ni mtoto, alikuwa anaangalia nini? Lakini ningekuwa na uwezo, ningevinunua kesho.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni, na ni swali la haki: mtoto wetu Mweusi akisimama katikati ya barafu, atasikia nini? Sitawadanganya, wengine husikia. Matusi ya ubaguzi kutoka kwa mchezaji au kocha adhabu yake ni kutolewa mchezoni, na ripoti huandikwa. Na ripoti ndiyo inayowashinda watoto. Wanaona haya kuliandika lile neno. Kwa hiyo nakaa naye, mzazi akiwepo, tunaandika usiku uleule: dakika gani, jezi namba ngapi, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Si "alinitukana". Neno lenyewe. Ripoti isiyo na neno lenyewe ni rahisi kuitia kapuni. Na huwa nawatajia Jay Sharrers, mzaliwa wa Jamaika aliyelelewa Hope, mji mdogo wa British Columbia. Aliingia NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Canada, mwaka 1990 kama mwamuzi wa mstari, yaani msaidizi wa refa, na mwaka 2001 akawa Mweusi wa kwanza kuchezesha mechi ya NHL kama refa. Miaka 11 katikati. Huwa natua hapo kwenye 11, watoto wapige hesabu wenyewe.

Kuhusu mechi za kukumbana mwili kwa mwili, kwa kifupi: hizo zinaanza kundi la chini ya miaka 14, tangu USA Hockey ilipoipandisha ngazi hiyo mwaka 2011. Mwamuzi wa mwaka wa kwanza simpeleki huko, hata mzazi akiniambia kwamba mtoto ni mrefu.

Kuna mzazi atataka kujua malipo. Analipwa kwa mechi, si kwa saa, na yanatosha kumfanya aache kukuomba hela ya viatu. Lakini gari ni lako, na saa 12 asubuhi ya Jumamosi ya Januari, na baridi mnaijua. Humo garini mkirudi nyumbani, naomba msichambue mechi. Kama hukukaa semina, hujui. Muulize kama ana njaa.

Semina ya kwanza ni Septemba, karatasi ya majina iko kwenye meza ya nyuma. Sanduku hili lina visahani vya zamani, kila familia ichukue kimoja. Sakafu ya jikoni, mgongo wima, mara 50. Mama wa yule binti ndiye aliyepika chai, kwa hiyo malalamiko ya kelele mpelekeeni yeye.